Toleo Jipya la Programu ya Wakala: Yaliyoongezwa, Yaliyorekebishwa na ya Kujaribu Kabla ya Kuliamini

Mabibi na mabwana, wasimamizi wa mifumo, waandishi wa programu, nanyi nyote mnaomkabidhi wakala wa akili mnemba kazi kwenye kompyuta zenu, nawasalimu.

Mada yetu ni matoleo mapya ya programu za wakala, yaani programu zinazoiwezesha akili mnemba kusoma faili, kuzihariri na kuendesha amri kwa niaba yako, zinazosakinishwa kwenye kompyuta: kinachoongezwa, kinachorekebishwa, na jinsi ya kuhakikisha kwamba marekebisho yaliyoandikwa ndiyo yaliyofanyika. Toleo linapotoka, swali la kwanza la watu huwa ni modeli gani, yaani akili mnemba yenyewe, imewekwa ndani. Naona swali hilo linaweza kusubiri. Kwanza tuulize kama mtumiaji sasa anaona vizuri zaidi anachofanya wakala, kama anaweza kumsimamisha katikati ya kazi, na kama anaweza kurudisha kilichoharibika. Modeli yenye uwezo mkubwa ndani ya programu isiyotoa mambo hayo matatu ni hatari kuliko modeli dhaifu, kwa sababu hufanya mengi kabla hujagundua kosa.

Tukumbuke tulikotoka. Oktoba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kwa majaribio uwezo wa modeli kutazama skrini, kusogeza kipanya na kuandika. Novemba mwaka huohuo ikatangaza Model Context Protocol, au MCP, itifaki inayoiwezesha programu kuunganishwa na zana za nje kwa utaratibu mmoja. Mwaka 2025 OpenAI na Google nazo zikaipokea. Tangu hapo wakala amekuwa na milango mingi ya kuingilia kwenye kompyuta, na sehemu kubwa ya orodha za marekebisho tunazosoma leo ni kazi ya kuirekebisha milango hiyo.

Nianze na ruhusa, maana hapo ndipo pana madhara makubwa. Matoleo ya mwanzo yaliuliza idhini kwa kila amri. Baada ya maswali mengi mtu huacha kusoma. Anabonyeza tu kitufe cha kukubali, na ulinzi wote umekwisha. Matoleo mapya yanagawa ruhusa kwa ngazi: kusoma ndani ya folda ya kazi hakuulizwi, kuandika kunaulizwa mara moja kwa folda, na vitendo visivyorudishika, kama kufuta, kutuma, kusakinisha au kusukuma mabadiliko kwenye hazina ya msimbo, vinaulizwa kila mara. Huo ni mpangilio mzuri. Maswali yakipungua, yale yanayobaki yanasomwa.

Lakini ulizeni ngazi hizo zinalindwa na nani. Kuna programu zinazolinda kwa kukagua maandishi ya amri kabla ya kuiendesha, na kuna zinazoiachia kazi hiyo mfumo endeshi kwa kumweka wakala ndani ya kizimba (sandbox), eneo ambalo hawezi kutoka. Kwenye Linux kizimba hicho mara nyingi ni bubblewrap, na kwenye macOS ni Seatbelt. Tofauti ni kubwa. Ukaguzi wa maandishi unapitwa kwa urahisi. Mtumiaji anayeruhusu kila amri inayoanza na neno find, akidhani ni ya kutafuta faili tu, ameruhusu pia find yenye kigezo cha -delete. Anayeruhusu git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ameruhusu vijiprogramu ambavyo git yenyewe huviendesha wakati wa kuhifadhi mabadiliko. Na amri mbili zikiunganishwa kwa alama ya && au nukta-mkato, programu iliyokagua neno la kwanza peke yake haioni ya pili. Ndani ya kizimba, hata amri ikipita ukaguzi, mfumo endeshi wenyewe unakataa kufungua faili iliyo nje ya eneo.

Kuna kasoro mbili za ruhusa ambazo zimeonekana kwenye programu halisi, nazo ni rahisi kuzipima. Ya kwanza: programu hulinganisha mwanzo wa njia ya faili. Umeruhusu folda inayoitwa kazi; folda jirani inayoitwa kazi-siri inapita, kwa kuwa herufi zake za mwanzo ni zilezile. Ya pili: ndani ya folda iliyoruhusiwa kuna kiungo (symlink) kinachoelekeza kwenye folda nyingine, na programu inakifuata bila kuangalia kinaishia wapi. Dawa ya zote mbili ni kuitatua njia nzima hadi mahali pake halisi kwanza, kisha kulinganisha folda kwa folda badala ya herufi kwa herufi.

Jaribio lake ni fupi. Tengeneza folda jaribio na folda jaribio-siri. Weka ndani ya ile ya pili faili yenye sentensi yoyote. Mpe wakala ruhusa ya folda ya kwanza pekee, kisha mwambie asome faili iliyo kwenye ya pili. Akishakataliwa, weka ndani ya folda ya kwanza kiungo kinachoelekeza kwenye ya pili, umwambie asome kupitia kiungo hicho. Kote anapaswa kukataliwa, na anayekataa awe ni programu, siyo modeli inayosema kwa adabu kwamba haipaswi kufanya hivyo. Modeli inaweza kukataa sasa na kukubali baadaye kidogo. Angalia kumbukumbu za programu: ombi la kusoma lilitumwa na likazuiwa, au halikutumwa kabisa? Kama halikutumwa, hujapima chochote.

Ruhusa pia ndiyo kinga dhidi ya maagizo yaliyofichwa ndani ya maandishi. Modeli hupokea kila kitu katika mkondo mmoja: maneno yako, ukurasa wa wavuti, barua pepe, maelezo yaliyomo kwenye hati ya PDF. Mtu akiandika ndani ya ukurasa kwamba wakala atume faili za folda fulani kwenye anwani fulani, modeli inaweza kutii. Simon Willison, mwandishi wa programu aliyelipa tatizo hili jina linalotumika mpaka leo, prompt injection, mwaka 2022, amekuwa akionya kuhusu mambo matatu yanapokutana: kufikia data za siri, kusoma maandishi ya watu usiowaamini, na kuwa na njia ya kutuma kitu nje. Ukiondoa moja kati ya hayo, data zinakosa pa kutokea. Hakuna toleo lililolimaliza tatizo hili, na tangazo lolote linalodai hivyo lisomwe kwa tahadhari. Kinachosaidia ni kipengele kinachokuwezesha kutaja tovuti ambazo wakala anaweza kuwasiliana nazo, na kuzuia zilizobaki. Kiwasheni kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa kuhariri na kurudisha. Kipengele ninachokifurahia kuliko vyote kwenye programu hizi ni kituo cha kurudi: kabla ya wakala kugusa faili, programu hutunza nakala, na kitufe kimoja hurudisha hali ya awali. Programu nyingine humpa kila wakala nakala yake ya kazi kupitia worktree ya Git, iliyoanza na toleo 2.5 la mwaka 2015. Hapo mawakala wawili hufanya kazi sambamba, kila mmoja kwenye tawi lake, bila kufutiana.

Hata hivyo kituo cha kurudi kina mipaka ambayo matangazo huipitia haraka. Kwa kawaida hutunza faili zilizobadilishwa kwa zana ya kuhariri ya programu yenyewe. Faili iliyofutwa na wakala kwa amri ya terminali mara nyingi haimo. Jedwali lililofutwa kwenye hifadhidata halimo, na barua pepe iliyokwisha kutumwa hairudi. Kwa hiyo hifadhini mabadiliko yenu kwenye Git kabla ya kumwanzisha wakala, hata kama kitufe cha kurudisha kipo. Na worktree nayo ina lake: faili zisizofuatiliwa na Git, kama ile ya .env yenye siri za mazingira, haziendi kwenye nakala mpya. Wakala anafungua mradi, programu haiwaki, naye anaanza kurekebisha msimbo ambao hauna kosa lolote. Kama programu yenu ina mahali pa kutaja faili za kunakiliwa au amri ya maandalizi, pajazeni.

Kosa la kuhariri linalolalamikiwa sana ni ujumbe kwamba maandishi yaliyotafutwa hayakupatikana, ilhali mtu anayaona kwa macho yake. Sababu ni kadhaa, na toleo zuri huzitofautisha kwenye ujumbe wake. Faili za Windows humaliza mstari kwa herufi mbili, CR na LF, na modeli huandika LF peke yake. Mistari miwili inayofanana machoni hailingani. Programu ikilazimisha LF wakati wa kuandika, Git itaonyesha kwamba kila mstari umebadilika, na mabadiliko matatu ya kweli yatapotea ndani ya mamia ya uongo. Marekebisho sahihi ni kutambua aina ya mwisho wa mstari inaposomwa faili na kurudisha ileile inapoandikwa. Sababu nyingine ni herufi zenye alama, ambazo zinaweza kuhifadhiwa kama herufi moja au kama herufi na alama yake kando. Nyingine ni kwamba mtu, au kihariri kinachojipangia msimbo kila unapohifadhi, amebadilisha faili baada ya wakala kuisoma. Kwa hili la mwisho, programu inapaswa kukataa kuandika na kumlazimisha wakala asome upya. Kukataa huko watu hukuona kama usumbufu, lakini ndiko kunakookoa kazi yenu isifunikwe.

Viunganishi vya MCP vinastahili muda, maana ndipo wasimamizi wanapopoteza saa nyingi. Dalili ya kawaida: seva ya MCP, yaani programu ndogo inayompa wakala zana, inafanya kazi vizuri ukiiendesha kwenye terminali, lakini ndani ya programu inashindwa kuanza, na kumbukumbu zinaonyesha ENOENT, yaani faili au amri haikupatikana. Kwenye macOS, programu inayofunguliwa kwa kubofya ikoni hairithi mazingira ya terminali. Kigezo cha PATH, kinachotaja folda za kutafutia amri, huwa na /usr/bin, /bin, /usr/sbin na /sbin pekee. Node, programu inayoendesha seva nyingi za MCP, ikisakinishwa kwa kisakinishi cha Homebrew kwenye Mac za Apple Silicon iko /opt/homebrew/bin, kwa hiyo haionekani. Watu huandika njia kamili ya npx, amri ya Node inayoianzisha seva, na bado inagoma, kwa kuwa npx yenyewe ni hati inayoitafuta node kupitia PATH ileile. Lazima uongeze PATH yenye folda hiyo kwenye sehemu ya mazingira ya usanidi wa seva. Anayetumia nvm, zana ya kubadilisha matoleo ya Node, ajue kwamba njia yake ina namba ya toleo la Node ndani. Akipandisha Node, usanidi unavunjika tena.

Programu kadhaa sasa zimelitatua hili kwa kuendesha shell ya mtumiaji, yaani programu inayopokea amri za terminali, mara moja zinapowaka na kuyasoma mazingira yake, au kwa kuja na Node yao ndani. Njia ya kwanza ina gharama: kama faili yako ya .zshrc, yenye mipangilio ya shell, ni nzito au inasubiri jibu lako, programu itachelewa kuwaka au itakwama. Ikiwa tangu usasishe programu imekuwa nzito kufunguka, anza kuangalia hapo.

Kwenye Windows, npx ni hati ya .cmd, hivyo seva nyingi huhitaji kuanzishwa kwa cmd /c npx. Mkwaju wa nyuma kwenye njia za faili lazima uandikwe mara mbili ndani ya JSON, muundo wa faili ya usanidi. Mkato uliobaki baada ya kipengele cha mwisho huifanya faili nzima isisomeke, na programu za zamani zilinyamaza tu na kuonyesha orodha tupu ya zana. Toleo linalotaja mstari wenye kosa limefanya kazi ya maana. Na kufunga dirisha hakuzimi programu: inabaki kwenye trei, na usanidi mpya hausomwi mpaka uizime kabisa na kuiwasha.

Kwa wanaoandika seva zao wenyewe, kumbukeni kwamba katika njia ya stdio, ambapo programu na seva ziko kwenye kompyuta moja, ujumbe wa JSON-RPC husafiri kwenye mkondo wa matokeo wa kawaida. Amri moja ya print uliyoiacha kwa ajili ya uchunguzi inaingiza maandishi yasiyo JSON kati ya ujumbe, na muunganisho unavurugika. Maelezo ya uchunguzi yaende stderr, mkondo wa makosa. Wenye seva za mbali wafahamu kwamba toleo la itifaki la Machi 2025 liliacha njia ya zamani ya HTTP na SSE na kuleta nyingine inayoitwa Streamable HTTP. Programu mpya na seva ya zamani zinaweza kutoelewana kwa sababu hiyo tu.

Msiunganishe kila kiunganishi mnachokiona. Maelezo ya kila zana hutumwa kwa modeli pamoja na ombi, yakila nafasi ya muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kushika kwa mara moja, hata kama zana haitumiki, na zana zenye majina yanayofanana huichanganya modeli. Kipengele cha kupakia zana pale tu zinapohitajika kimepunguza tatizo hili sana.

Muktadha ukijaa, programu hufupisha mazungumzo ya nyuma ili kazi iendelee. Muhtasari huo hutunza mwelekeo wa kazi lakini hupoteza maneno kamili. Ulisema mwanzoni kwamba folda fulani isiguswe. Baada ya ufupisho sharti hilo linaweza kutoweka. Masharti ya namna hiyo yaandikwe kwenye faili ya maagizo ya mradi, ambayo husomwa upya, yasiachwe ndani ya mazungumzo. Na kama sharti ni la usalama, liwe ruhusa, lisiwe sentensi.

Kuna marekebisho madogo yanayogusa gharama ambayo wengi hawayatambui. Watoa huduma wa modeli hutunza kwenye kache, yaani hifadhi ya muda, mwanzo wa ombi, na sehemu iliyotunzwa hutozwa kidogo na kujibiwa haraka, ila lazima mwanzo huo ufanane herufi kwa herufi. Programu iliyoweka saa na sekunde juu kabisa ya maagizo yake ilikuwa ikiivunja kache kwa kila ombi. Vivyo hivyo iliyopanga orodha ya zana kwa mpangilio tofauti kila inapowaka. Ukisoma kwenye maelezo ya toleo kwamba taarifa zinazobadilika zimehamishiwa mwishoni, hiyo ndiyo sababu.

Mtandao ukikatika au seva ikijibu 429, yaani maombi yamezidi, programu inapaswa kusoma kichwa cha Retry-After na kusubiri muda uliotajwa. Kisipokuwepo, isubiri kwa muda unaoongezeka maradufu na wenye tofauti kidogo ya kubahatisha, ili kompyuta nyingi zisirudi kwa mpigo mmoja. Kurudia ombi la modeli hakuna madhara makubwa. Kurudia kitendo cha zana ni jambo jingine. Zana ilituma barua, jibu likachelewa, programu ikadhani imeshindwa, ikatuma tena. Toleo jema humwuliza mtumiaji, au huambatanisha kila kitendo na ufunguo wa pekee ili seva iutambue uliorudiwa. Lijaribuni kwa kuzima mtandao wakati zana inafanya kazi, mkitumia akaunti ya majaribio.

Kompyuta ikilala, kazi nayo hukatika. Programu nyingi sasa huzuia usingizi wakati wakala ana kazi. Kwa kazi zilizopangiwa muda, angalieni kinachotokea saa ikipita kompyuta ikiwa imelala: nyingine huruka zamu hiyo, nyingine huiendesha mara tu kompyuta inapoamka, labda katikati ya mkutano wako.

Kitufe cha kusimamisha nacho kijaribiwe. Kusimamisha modeli isiandike ni rahisi. Kusimamisha amri ambayo modeli imeianzisha, na michakato iliyozaliwa na amri hiyo, ndiyo kazi. Mwambie wakala awashe seva kwenye mlango (port) 3000, kisha bonyeza simamisha. Kwenye macOS au Linux endesha lsof -i :3000. Kwenye Windows, netstat -ano na uutafute mlango huo. Kama mchakato bado upo, programu imeua mzazi na kuacha watoto, na mara ijayo utaona EADDRINUSE, yaani mlango tayari unatumika.

Udhibiti wa skrini niuguse kwa ufupi, maana bado ni njia ya polepole kuliko kiunganishi na naishauri pale tu kiunganishi hakipo. Mibofyo ikienda pembeni, chanzo huwa ni kipimo: kwenye skrini ya Retina picha yenye upana wa pikseli 2880 inawakilisha nafasi 1440, na programu isiyogawa kwa mbili hubofya mbali. Skrini ya pili ikiwekwa kushoto, namba za mahali huwa hasi, na hapo nako kuna kasoro za mara kwa mara. Mwambie wakala asogeze kipanya kwenye pembe nne za kila skrini. Kwenye macOS, ukishatoa ruhusa ya kurekodi skrini, izime programu na uiwashe tena.

Kabla ya kulisambaza toleo kwa watu wote, andikeni namba ya toleo mlilonalo na mtunze kisakinishi chake, nakilini folda ya usanidi na historia ya mazungumzo, sasisheni kompyuta moja, kisha mrudie majaribio ya folda, kiungo, kusimamisha na kurudisha. Nakala ya historia ni ya lazima: toleo jipya likibadilisha muundo wa hifadhidata yake, la zamani huenda lisiweze kuisoma tena ukitaka kurudi nyuma.

Mkikuta hitilafu, ripoti yenye msaada ina namba ya toleo, mfumo endeshi, hatua chache kabisa zinazoirudisha hitilafu, na sehemu ya kumbukumbu inayozunguka dakika ilipotokea. Kabla ya kuituma, tafuteni ndani yake neno Bearer na herufi sk-, ambazo mara nyingi hutangulia funguo za siri, na jina la kila siri iliyo kwenye usanidi wenu, kwa sababu baadhi ya programu huandika mazingira yote ya seva ya MCP kwenye kumbukumbu inaposhindwa kuanza. Kama ripoti yenye ufunguo imeshatumwa, kuufuta ujumbe hakutoshi: batilisheni ufunguo huo kwa mtoa huduma na mtengeneze mpya siku hiyohiyo.

Asanteni kwa kunisikiliza. Karibuni kwa maswali.